Nafasi Chini ya Jina Lake

Jumamosi, 7 Machi

Mvua kubwa ya kwanza imeshuka leo alasiri.

Naomba radhi kwa yeyote atakayezisoma kurasa hizi baada yangu. Mwandiko hautakuwa ule niliofundishwa na walimu wa misheni, maana vidole vimeanza kunikaidi. Karatasi ni mabaki ya kiwanda cha uchapaji cha kanisa, ambako kwa umri wangu wote wa kazi nilishona kurasa za vitabu na kuzitia majalada. Sababu ya kuandika ni ndogo. Marehemu mke wangu ndiye aliyenisikiliza jioni, na tangu alipofariki mwaka jana habari za siku zimekosa pa kwenda.

Mvua ilipoanza niliinua kichwa, nikangoja kumsikia akitafuta mwavuli. Ni mazoea tu. Kila mwaka, ilipopiga mvua kubwa ya kwanza, aliacha alichokuwa akikifanya, hata kama sufuria iko motoni, akaenda kwa Bibi Cherehani. Huyo ni dada wa mume wake wa kwanza, kijana baharia wa meli ya mizigo ambaye hakurudi wakati wa vita. Meli yao ilitoweka na wote waliokuwamo, na hakuna aliyepata kuijua tarehe. Habari ziliwafikia mvua ikinyesha. Basi wanawake wale wawili wakaifanya mvua ya kwanza kuwa siku yake. Walikaa pamoja hadi ikatike. Mimi nilibaki nyumbani nikaitazama sufuria. Niliona ndiyo adabu.

Jumapili, 8 Machi

Bibi Cherehani amekuja baada ya ibada, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Mtaa mzima humwita hivyo, kwa kuwa ameshona sare za wanafunzi tangu wazazi wao walipokuwa wanafunzi. Mimi huniita shemeji. Aliwahi kunieleza kwamba kwa haki ningekuwa kaka yake, maana nilimwoa wifi yake, ila nafasi ya kaka ina mwenyewe.

Nilimtengea kiti na kumpa chai. Alikishika kikombe bila kunywa, akasema jana alikaa peke yake na mvua ilikuwa ndefu. Nikasema pole. Kisha akaja kwenye jambo lake.

Ni lazima nieleze habari ya jiwe. Udongo wa kaburi la mke wangu umekwisha kutulia, nami nimeagiza jiwe. Mchongaji atalichonga msimu huu wa mvua, kwa kuwa kibanda chake ni kikavu, na kulisimamisha ardhi itakapokauka. Katika makaburi ya kanisa letu jiwe huwa na jina la marehemu juu, na chini yake nafasi iliyolainishwa kwa ajili ya mwenzi aliyebaki hai. Nafasi hiyo ni yangu. Nimekwisha kwenda kuiona, na mchongaji, ambaye ni mtu wa mzaha, aliniambia nisiwe na wasiwasi: wateja wake hawana haraka, wala hajapata kumwona hata mmoja akirudi kulalamika.

Bibi Cherehani alikuwa na ombi moja, jina la kaka yake liandikwe kwenye jiwe hilo, hata pembeni, hata kwa herufi ndogo. "Hana kaburi popote, shemeji," alisema. "Aliyekuwa akikaa nami kumkumbuka ameondoka. Nami nikifuata, itakuwa kama hakuzaliwa."

Nilimjibu kwa upole kwamba kanuni ya baraza la wazee wa kanisa iko wazi: haliandikwi jina la mtu asiyelala mahali hapo, isipokuwa mwenzi aliyetengewa nafasi. Nilimweleza na sababu zake. Nadhani nilizieleza vizuri mno. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini, akasema amesikia. Chai ilikuwa imejaa vilevile.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Nimeziba paa la jikoni kwa kipande cha ngozi ya majalada. Halijavuja tena hadi sasa.

Jumapili, 15 Machi

Leo baraza halikukutana, nami nilishukuru, kisha nikajiuliza nashukuru nini. Kanuni ni ya kweli, sikuitunga mimi. Lakini mtu anayejificha nyuma ya ukuta hawezi kujisifu kwamba ukuta ni imara.

Picha ya kijana yule iko kwenye droo ya vitambaa vya meza. Haikupata kufichwa wala kutundikwa. Kila nilipotumwa kitambaa nilimkuta pale, kofia imeelekea sikio la kushoto, meno yote yapo. Walikuwa wameoana miezi minne tu aliposafiri safari ya mwisho. Mimi nilimjua mke wangu baadaye, akikunja karatasi meza ya pili kutoka yangu kiwandani, nikangoja miaka hadi serikali na kanisa wakakubali kwamba ni mjane. Tulipofunga ndoa alikuja na sanduku moja, cherehani ya mkono na picha ile.

Naomba radhi kwa nitakaloandika. Niliishi na mtu huyo kama anavyoishi mtu na mpangaji ambaye halipi kodi wala hazeeki. Nilipopata kipara, yeye alikuwa na nywele. Nilipoanza kukohoa asubuhi, yeye alikuwa na kifua cha kubebea magunia. Tulipogombana, mimi na mke wangu, kwa jambo la kawaida kama vile mlango uliosahauliwa wazi, nilijiambia kwamba yeye hakusahau mlango hata mara moja, kwa kuwa hakupata muda wa kusahau. Hatukupata kumtaja. Mimi sikuuliza, mke wangu hakusema, na nyumba ilikuwa na amani.

Jumanne, 24 Machi

Mvua tangu alfajiri. Sikutoka.

Alhamisi, 2 Aprili

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, amepita jioni kuniambia kwamba Bibi Cherehani ana homa ya kifua na hataki kulazwa hospitali. Anamchoma sindano kila siku akitoka kazini. Aliniuliza kama nimekwenda kumwona. Nilisema barabara ina matope. Alinitazama kwa namna ya mama yake, akaniachia chupa ya supu na amri ya kuipeleka kesho.

Ijumaa, 3 Aprili

Nimeipeleka supu. Sikuwa nimepata kuingia chumbani mwake. Siku nyingine nilipomsindikiza mke wangu niliishia mlangoni. Ni chumba kimoja chenye dirisha juu ya uchochoro, kitanda, cherehani iliyofunikwa kwa shuka, na viti viwili vinavyotazamana karibu na dirisha. Aliniambia nikae. Vyote viwili vilikuwa vitupu, nami sikujua kipi kilikuwa cha nani, nikabaki nimesimama na chupa yangu. Alicheka hadi akakohoa. "Keti popote, shemeji. Hakuna kitakachokuuma."

Nilimsubiri anywe. Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani kwa nguvu, na ukimya wetu ukawa mrefu kupita adabu. Ndipo nikamuuliza kaka yake alikuwa mtu wa namna gani.

Alishusha kijiko. Akasema, "Umri wote huu, leo ndiyo unauliza?"

Niliomba radhi. Nikasema sikutaka kuingilia, kwamba niliona jambo lile ni lao. Akanitazama bila ukali, akaniambia kuwa mke wangu alikuwa akisema mume wake ni mwungwana kiasi kwamba hawezi kumwambia kitu. Kwamba kila mvua ya kwanza, akifunga mlango wetu, alijiuliza kama mwaka huu nitasema, "Ngoja nichukue koti, twende pamoja." Akadhani sitaki kusikia. Nami nilidhani hataki kusema.

Sijui nilirudije nyumbani. Nimekuta soksi zimelowa hadi magotini.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimekwenda tena, safari hii bila kutumwa.

Jina la nyumbani la kaka yake lilikuwa Kijiko. Alikuwa mwembamba mno na kichwa kikubwa, na mama yao alisema ukimlaza kifudifudi unaweza kukorogea uji. Kile kifua ninachokijua pichani, kumbe ni koti la kuazima, la fundi seremala aliyekuwa jirani, nalo lilibanwa mgongoni kwa pini za nguo. Bibi Cherehani ndiye aliyezibana. Alikuwa na miaka kumi na sita, na anakumbuka kwamba pini moja ilimchoma kaka yake, ndiyo maana anacheka vile pichani.

Nimekaa na habari hiyo tangu mchana. Nimeitoa picha kwenye droo na kuitazama karibu na dirisha. Ni kweli. Bega la kulia la koti limeshuka.

Alhamisi, 9 Aprili

Kijiko aliwaambia watu wote wa mtaani kwamba kazi yake ni ya juu sitahani, penye jua na upepo, akishika kamba na kuwaamuru wengine. Uongo mtupu. Alikuwa chini kabisa ya meli, kwenye chumba cha tanuri, akichota makaa ya mawe na kuyatupa motoni, zamu kwa zamu, asijue kama nje ni mchana au usiku. Dada yake aligundua kwa sababu ya mashati. Alipoyafua, maji yalikuwa meusi hata baada ya kuyabadilisha mara kadhaa, akamuuliza ni jua gani hilo lenye masizi. Naye kaka akamsihi asimwambie mama.

Kisha kuna jambo la kuchafukwa na tumbo. Kila safari alitapika tangu nanga inang'olewa. Aliichukia bahari. Alikwenda kwa kuwa baba yao alikuwa amekufa na meli ndizo zilizokuwa zikiajiri. Wakati wa vita waliwachukua hata wasiojua kufunga fundo.

Niliuliza kama mke wangu aliyajua haya. "Wifi alijua yote," alinijibu. "Ulidhani alimpenda kwa sababu ya kofia?"

Ndivyo nilivyodhani hasa. 

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua na upepo. Mti wa jirani umeangukia ua. Hakuna aliyeumia.

Jumapili, 19 Aprili

Mjukuu wangu, anayesomea ufundi wa umeme, amekuja kunitengenezea swichi ya barazani. Alipanda juu ya meza na viatu, akapiga mluzi, akaniuliza kama kuna chakula kabla hata hajamaliza. Ana miaka ishirini na miwili. Wakati anashuka aliteleza kidogo, nami nilikwisha kunyoosha mikono yote miwili, mzee mzima kama mimi, kana kwamba ningeweza kumdaka.

Baada ya kuondoka kwake nilikaa chini. Kijana yule wa koti la kuazima alikuwa na miaka ishirini na miwili. Katika akili yangu sikuzote alikuwa mwanamume mkubwa kuliko mimi, mtu wa kupimana naye. Kumbe kwa miaka yangu yote nimemwonea wivu mtoto. Mtoto mwembamba aliyetapika, aliyesema uongo ili mama yake alale usingizi. Angekuwa hai na safari ile ya meli ikampata leo, mimi ndiye ningekwenda kumwombea ruhusa abaki.

Nimelia. Naandika hili kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Ijumaa, 24 Aprili

Bibi Cherehani hana nguvu za kukaa. Binti yangu anasema mapafu yamejaa, na hasemi zaidi ya hapo.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimekwenda kwa mchongaji. Jina la mke wangu limekamilika, na ni kazi safi. Nilipitisha kidole kwenye kila herufi. Nafasi iliyo chini imekaa tupu na laini. Nilimuuliza kama pembeni pangetosha mstari mdogo. Akasema jiwe ni lake kulikata na kanuni ni ya wazee. Akiandika pembeni watamfanya aliparuze lote, na hapo atalalamikiwa na mteja aliye hai, jambo ambalo hajalizoea.

Ndipo nilipoitazama ile nafasi kwa muda mrefu kidogo. Kanuni inasema nafasi ni ya mwenzi. Haisemi ni mwenzi yupi.

Nilimwambia asubiri, asiguse kitu. Nitapeleka ombi barazani kwamba mahali pangu liandikwe jina la mume wake wa kwanza. Mchongaji aliacha kupangusa mikono. Safari hii hakuwa na mzaha. Aliniuliza, "Na wewe mzee wangu, utaandikwa wapi?"

Nikasema sitaandikwa. Nitalala palepale kando ya mke wangu, kama ilivyopangwa, ila bila maandishi. Kijana yule atakuwa na jina pasipo mwili, mimi nitakuwa na mwili pasipo jina. Kwa pamoja tutatimiza mtu mmoja, na jiwe litakuwa halikudanganya sana.

Jumanne, 28 Aprili

Nimemweleza binti yangu, na amekasirika kuliko nilivyopata kumwona tangu alipokuwa msichana. Hakupaza sauti, angepaza ingekuwa nafuu. Alikunja mwavuli wake mara mbili tatu bila sababu. Akasema mama yake alikuwa mke wangu kwa maisha, na mke wa yule kwa miezi minne. Akasema ni mimi niliyemwogesha mama alipokuwa hajiwezi. Kwamba najifuta mwenyewe kwa mpira wa kufutia na kuita jambo hilo adabu.

"Siku moja nitakuja pale na maua, Baba, nisome jina la mtu nisiyemjua. Wewe utakuwa wapi?"

Nilimwambia nitakuwa chini ya miguu yake. Hakucheka. Ameondoka bila kunywa kitu, na sasa nahesabu kwamba wanawake wawili wameziacha chai zangu msimu huu.

Jumamosi, 2 Mei

Binti yangu hakuja. Mvua haikunyesha pia, mawingu tu.

Jumanne, 5 Mei

Nitajitahidi kuandika jambo hili kwa utaratibu.

Nilikuwa kwa Bibi Cherehani alasiri wakati binti yangu alipoingia na sindano yake. Alinisalimia shikamoo kwa sauti ya kazini. Alimgeuza mgonjwa, akamweka mito, na kwa kuwa dawa ilihitaji kuingia polepole, ikambidi akae kwenye kile kiti cha pili akiwa ameushika mkono wa mgonjwa. Hivyo tukawa watatu.

Bibi Cherehani alikuwa na pumzi ya kukatika, lakini alitaka kusema, na alichotaka kusema ni habari ya mpishi. Vita vilipokwisha alikuja nyumbani kwao mtu aliyekuwa mpishi wa meli ile. Alipona kwa sababu alishushwa bandari moja kabla, mgonjwa wa malaria. Hakujua meli ilivyozama. Alisikia tu, kama kila mtu, kwamba nyambizi zilikuwa njiani na kwamba haikufika. Alichokuja nacho ni habari moja ya kabla ya hapo.

Kijiko hakujua kuogelea. Mke wake, yaani mke wangu, alimwapisha siku ya kuondoka kwamba atajifunza. Sasa mtu anayefanya kazi kwenye tanuri na kulala kwenye shubaka, kijitanda cha ukutani, atajifunzia wapi? Wakamfundisha mabaharia wenzake juu ya benchi la chumba cha kulia. Walimlaza kifudifudi, tumbo kwenye ubao, mikono na miguu hewani, wakamwamuru apige maji. Kila jioni. Wakubwa kwa wadogo walikuwa wakija kumtazama na kucheka hadi machozi. Yeye hakucheka. Alipiga miguu kwa bidii zote, akiuliza kama sasa inatosha, kama sasa angefika. Mpishi alisema hajamwona mtu akijifunza kitu kwa moyo wa namna ile.

"Wifi aliposikia," alisema Bibi Cherehani, "alicheka kwanza. Alicheka sana. Halafu ndiyo akalia."

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ameacha kuangalia dawa. Kwa sauti ambayo haikuwa ya kazini alisema kwamba mama alimpeleka kwenye bwawa la shule kila Jumamosi tangu akiwa darasa la pili, yeye na kaka zake. Wenzake walicheza, wao walihesabiwa mapigo. Mama alikaa ukingoni na nguo zake za kanisani, yeye mwenyewe hajui kuogelea, akiwaambia, miguu, miguu, usiache miguu, na hakuwaruhusu kutoka hadi wafike upande wa pili. Watoto walimwona mkali. Mimi nilidhani alijali afya.

"Nilimchukia kwa bwawa lile," alisema binti yangu. Kisha aliinamisha kichwa kwenye mkono wa Bibi Cherehani, na yule mgonjwa, ambaye hakuweza kuinua hata kikombe, akamwekea mkono wa pili kichwani.

Nilitaka kutoka niwaachie nafasi. Niliinuka. Binti yangu alisema bila kuinua uso, "Kaa, Baba."

Nilikaa.

Jumapili, 10 Mei

Baraza limekutana baada ya ibada. Mchungaji, kijana mwenye heshima, alilisoma ombi langu mara mbili. Mzee mmoja, ofisa mstaafu wa forodha, alisema kanuni haikukusudia jambo kama hili. Nikamwomba radhi na kukubali kwamba haikukusudia, ila haikulikataza. Akauliza kama kulikuwa na cheti cha ndoa ile ya kwanza. Nikasema wapo walio hai walioishuhudia, naye mwenyewe akakumbuka kwamba mama yake alikuwa kwenye kwaya siku hiyo. 

Mwisho mzee huyo aliniuliza, kwa huruma nadhani, kama nimefikiria vizuri kwamba watu watakuja kusema sikuwa na mahali. Nilimjibu kwamba nimekuwa na mahali maisha yangu yote, mezani, kitandani na kwenye benchi la kanisa, na kwamba kijana yule hajapata kuwa napo. Wakaridhia. Binti yangu alikuwa akinisubiri langoni.  Alinishika mkono kwenye ngazi.

Jumanne, 12 Mei

Nimemweleza Bibi Cherehani. Alidhani nimepata ule mstari wa pembeni. Nilipomfahamisha ni nafasi gani, alifumba macho, na kwa muda niliogopa kwamba nimemkosea.

"Shemeji, nilikuomba kona," alisema. "Umenipa chumba kizima."

Nikasema kona ilikuwa kinyume cha kanuni. Aliniita kwa neno ambalo sitaliandika, la kumtania mtu wa nyumbani, na hajapata kuniita hivyo.

Nilimuuliza basi tuandike nini chini ya jina. Mchongaji amezoea kuwaandikia watu wa namna hii, kwenye makaburi mengine, "Alipotea baharini". Bibi Cherehani alitikisa kichwa juu ya mto. Ilimchukua muda kupata pumzi.

"Wasiandike amepotea. Mtoto ndiye hupotea, au mbuzi. Yeye alikuwa kazini."

Jumatano, 13 Mei

Nimempelekea mchongaji maneno. Aliyarudia kwa sauti ya chini, kisha akayaandika ukutani kwa chaki. Mvua ndogo.

Jumanne, 19 Mei

Bibi Cherehani amefariki alfajiri. Binti yangu alikuwa naye.

Alhamisi, 21 Mei

Tumemzika. Ardhi ilikuwa nzito kwa maji na wachimbaji walipata taabu. Wanawake aliowashonea sare walikuja na binti zao na wajukuu wao, wakajaza uchochoro hadi barabarani. Sikujua kwamba alikuwa na watu wengi kiasi hicho.

Niliombwa kusema neno kama ndugu. Nilisimama, nikaomba radhi kwamba mimi ni shemeji tu. Kisha nikakumbuka lile neno aliloniita, nikalifuta nililosema, nikaanza upya: nikasema mimi ni kaka yake wa pili. Mengine sikuweza kuyamaliza. Mchungaji alinimalizia.

Hakuliona jiwe. Mchongaji alikuwa amebakiza neno moja.

Jumapili, 31 Mei

Jua siku nzima. Nguo zimekauka.

Jumamosi, 6 Juni

Jiwe limesimamishwa. Mchongaji alikuja na mkokoteni na watu wawili, akalipima kwa bilauri ya maji aliyoiweka juu hadi maji yakatulia sawasawa. Binti yangu alikuja na maua, na mjukuu wangu akaja kumsaidia kubeba ndoo.

Jina la mke wangu liko juu, halafu la kijana, halafu maneno yale mawili. Nilidhani nitasikia kitu cha uchungu kuona nafasi yangu imejazwa. Nilichosikia ni uchovu, kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenziwe na hatimaye amepata mlango wa kuutua. Wa kufurahi naye hayupo. Wote wawili waliomjua wako chini, na mimi niliyebaki kumkumbuka ndiye pekee ambaye hajapata kumwona. Nilisimama na huzuni hiyo, nayo haikupungua.

Mjukuu wangu alisoma, akasogea karibu, akasoma tena. Akamuuliza mama yake huyu ni nani, na alikuwa kazini wapi.

Nilimwona binti yangu akitazama jiwe, kisha akitafuta pa kukaa. Alizifuta nyasi kwa kiganja. Alimwambia mwanawe aketi, maana si habari ya kusikilizwa mtu amesimama.

Kwa mazoea nikageuka niwaachie nafasi. Nilikuwa nimekwisha kufika kwenye njia ya kokoto, kofia kichwani. Nilisikia nyuma yangu akianza na koti la kuazima.

Nikarudi. Niliomba radhi kwa kuwakatiza, nikauliza kama kuna mahali, nao wakasogea.